Mgahawa wa nyota Tanga: tuanze na sushi au tuanze na samaki mwenyewe?

MLETA MADA:

Asalam aleikum wadau, wa Tanga na wa mbali. Hili jambo naomba tulijadili kwa upana maana juzi barazani kwetu Ngamiani limetufikisha pabaya, watu wameondoka bila kuagana. Ndugu yetu mmoja karudi likizo kutoka Dubai, akatuhadithia tajiri wake alivyompeleka mgahawa wa Kijapani wenye nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora, wateja hawafiki kumi, wamekaa kaunta wanamtazama mpishi, anakata kipande anakiweka mbele yako, unakula, anakata kingine, na bili ya mtu mmoja ukiibadili kwa shilingi unalipa kodi ya chumba huku kwetu mwaka mzima. Sasa yeye na wenzake wanataka kufungua wa aina hiyo Raskazone. Sushi, yaani samaki mbichi na wali, steki, pasta, shefu wa kutoka nje, samaki wa samoni aje na ndege. Nusu ya baraza wakasema sawa kabisa, Tanga imelala mno, wageni wanaipita tu kwenda Pangani na Lushoto. Nusu wakasema hayo ni matusi, sahani laki mbili kwenye mji ambao mtu anashiba bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi kwa buku tatu.

Mimi mgahawa wa hadhi nautaka, tena nautaka hasa. Ila tukianza na samoni wa ndege tumeshika kisu kwenye makali. Cha kuiga kwa Mjapani ni anavyomtendea samaki kuanzia dakika anayotoka majini, hiyo sushi ni matokeo tu.

Nimepika hoteli moja kubwa Dar miaka sita, mitatu ya mwisho nikiwa upande wa Kijapani, kwahiyo siongei ya kusikia. Samoni alikuwa anakuja amegandishwa kutoka mbali huko, bei kama dhahabu, na jodari wa bahari yetu hii hii alikuwa anaishia kwenye chakula cha wafanyakazi. Siku moja nikamuuliza shefu mkuu, mzee wa Kijapani, kwanini jodari wetu hatumuuzi mbichi. Hakunijibu kwa mdomo, alimpasua mmoja akaniita nitazame. Nyama karibu na mfupa imepauka, laini kama imeshaivishwa, na haijapikwa. Akasema huyu alikufa vibaya.

Hilo neno mpaka leo ninalo. Samaki akihangaika kwenye nyavu au juu ya mashua anapata joto, nguvu zake zinaisha, nyama inakuwa na uchachu na inalegea. Wenzetu wana njia yao inaitwa ikejime, unamchoma ubongo hapo hapo, unamkata mashavuni damu itoke, unapitisha waya kwenye uti wa mgongo, halafu anazama kwenye maji ya barafu. Kazi ya dakika moja akiwa nayo mtu aliyezoea. Sisi tunamtupa chini ya mashua anapigapiga mpaka anyamaze, juu linawaka, barafu hakuna, akifika ufukweni anamwagwa mchangani, hapo ndio mnada unaanza.

Na hili sio la ladha tu. Jodari, nguru, vibua, wakikaa kwenye joto kuna kitu kinaitwa histamini kinajijenga kwenye nyama, ukila uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinagonga, na kupika hakukiondoi hata umkaange mpaka awe mkavu. Wangapi humu wameambiwa wana aleji ya samaki, kumbe samaki mwenyewe alikaa juani masaa manne?

Halafu watu wanadhani hizo nyota ni za mazulia na glasi. Michelin ni kampuni ya matairi ya Ufaransa, kitabu chao cha kwanza walikitoa mwaka 1900 kuwasaidia wenye magari, nyota zikaanza 1926. Wanachosema wanaangalia ni vitu vitano: ubora wa malighafi, ustadi wa kupika, ladha kupatana, mkono wa mpishi kuonekana kwenye sahani, na kutobadilika leo na kesho. Pazia halimo. Tokyo walipoingia 2007 wakampa nyota tatu mzee Jiro Ono, kibanda chake kina viti kumi, kipo chini ya ardhi kwenye stesheni ya treni. Singapore 2016 wakampa nyota muuza wali na kuku wa soya kwenye kibanda sokoni.

Na kwa wanaosema chakula chetu hakifiki huko: Mwaka 2025 Trèsind Studio ya hapo hapo Dubai ilikuwa mgahawa wa kwanza wa Kihindi duniani kupata nyota tatu. Iliki, bizari, tui la nazi, vitu ambavyo bibi yako anavyo jikoni, na iliki inalimwa Amani hapo juu. Paris kuna kijana wa asili ya Mali, Mory Sacko, alifungua mgahawa wa MoSuke 2020 akichanganya Kifaransa, Kijapani na Afrika Magharibi, Januari 2021 nyota hii hapa.

Ila mfano wangu mimi ni mgahawa wa Wolfgat. Huu upo Paternoster, kijiji cha wavuvi Afrika Kusini, nyumba ya zamani karibu na maji, viti 20. Mpishi wake Kobus van der Merwe anaokota mwani na majani ya ufukweni, anapika na kinamama wa pale pale kijijini. 2019 kwenye tuzo za World Restaurant Awards kule Paris wakaitwa mgahawa bora wa mwaka. Kijiji cha wavuvi jamani! Sisi tuna Sahare, tuna Mwambani, tuna Tongoni na magofu yake.

Naombeni hoja.

MDAU WA CHUMBAGENI:

Mkuu umeandika vizuri ila umeficha upande wa pili. Mgahawa wa Noma wa Copenhagen, Denmark, umekuwa namba moja duniani mara tano, na Januari 2023 mwenye nayo René Redzepi akatangaza mwenyewe kwamba mfumo ule hauendi tena, kazi ni kubwa mno na hesabu hazikai. Vijana wa kujifunza walikuwa wanafanya bure miaka na miaka, wameanza kulipwa 2022 baada ya kelele. Sasa kama Denmark imeshindikana, Tanga wateja ni nani? Watumishi wa bandari? Ndugu wa Dubai ajenge hosteli.

MLETA MADA:

Kaka hapo umenigusa na sibishi. Vijana kufanyishwa bure ni dhulma, nimeipitia, mwaka wa kwanza nilikuwa namenya kamba kuanzia alfajiri kwa posho ya nauli. Ndio maana sitaki mgahawa wa watu arobaini jikoni. Mimi naona viti kumi na mbili, siku tatu kwa wiki, watu wanne wanaolipwa. Mteja yupo, wanaoshukia Pangani na Ushongo kila msimu wanalala huko na kula huko kwasababu mjini hakuna cha kuwaweka usiku mmoja.

MAMA LISHE, BARABARA YA 12:

Mwanangu nimekusoma nimekuelewa, lakini nikuulize. Mimi nauza bada na mchuzi wa papa, na changu wa kupaka siku ya Ijumaa. Pweza nilikuwa nauza zamani, sasa hivi makampuni yanamchukua pale pale ufukweni anakwenda Ulaya, bei yake siigusi. Nyinyi mkija na hizo barafu na waya zenu mkampandisha bei na changu, mimi na wateja wangu tutakula nini? Hao wenye nyota watatuletea makombo?

MLETA MADA:

Shikamoo bi mkubwa. Hili swali ndio lililonikosesha usingizi na majibu yake sinayo yote. Pweza ameshatuponyoka kweli, na alituponyoka bila mgahawa wowote wa nyota, mnunuzi mwenye deli la barafu na mzani alifika kwa mvuvi kabla yetu. Ninachoweza kusema ni kwamba viti kumi na mbili siku tatu ni jodari mmoja mkubwa na kolekole wawili watatu kwa wiki. Vibua, changu, tasi, dagaa, sivigusi, na hilo niko tayari kuliandika na kulisaini mbele ya baraza. Na mchuzi wako wa papa ningeomba uje uupike wewe mwenyewe ulipwe kama mpishi, sio mimi niuige kisha niuite wangu.

MAMA LISHE, BARABARA YA 12:

Marahaba. Andika kwanza hiyo karatasi.

MVUVI WA SAHARE:

Mnaongea sana watu wa jikoni. Barafu nani ananunua? Nikibeba deli mbili nimepunguza nafasi ya samaki na mafuta nimeongeza, nikirudi dalali ananipa bei ile ile ya mwenzangu aliyemwaga samaki juani. Tulishapambana na watu wa baruti miaka hiyo wakituvunjia matumbawe, walikuwa wanauza bei moja na sisi tunaovua kwa mshipi. Hakuna anayelipia uzuri wa samaki hapa. Niambie utanilipa nini zaidi, kwa kilo, ndio nikusikilize.

MLETA MADA:

Ndugu yangu, hoja nzima ya huu uzi umeisema wewe kwa mistari sita na mimi nimezunguka kurasa. Kule Tokyo, mnada wa Januari 2019, jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa yen milioni 333.6. Najua ile ni aina nyingine na ni bei ya sifa ya mwaka mpya, lakini pale mtu anatembea na tochi anaangalia nyama ya mkiani kabla hajataja bei, na mvuvi anajua kwamba ataangaliwa. Akijua ataangaliwa anabeba barafu.

Kwahiyo tuache maneno. Jumamosi hii barafu nanunua mimi, deli mbili, nakuletea alfajiri kabla hujatoka, na nitakuja na waya nikuonyeshe mara moja tu. Jodari wa kwanza utakayemtoa mfanyie hivyo, wa pili mlete kama siku zote. Wa kwanza nitakulipa elfu tatu zaidi kwa kila kilo, juu ya bei ya mnada wa siku hiyo. Jioni nitawakata wote wawili hapa barazani, sahani mbili, bila kusema yupi ni yupi. Ndugu wa Dubai amesema anakuja, na bi mkubwa nakuomba uje uonje wa kwanza. Karatasi yako nitakuwa nayo.

MVUVI WA SAHARE:

Saa kumi na moja kamili. Ukichelewa natoka.