Daraja la manowari za kubuni, tani 120,000: hesabu hizi zinasimama?

Tezi_na_Omo:

Wakuu, nasanifu daraja (yaani kundi la meli za mchoro mmoja) la manowari kubwa za kubuni kwa ajili ya mchezo wa vita vya baharini wa mezani. Teknolojia inaishia 1945: rada ipo, nyuklia haipo, makombora ya kuongozwa hayapo. Sitaki meli ya miujiza, nataka ambayo mhandisi wa wakati ule angeiangalia akasema "ghali, lakini inajengeka".

Vipimo vyangu vya sasa: uzito ikiwa imejaa tani 120,000, urefu kwenye mstari wa maji mita 320, upana 42, kina chini ya maji mita 10 ili iingie bandari nyingi. Mizinga 12 ya milimita 508 kwenye tareti (minara ya mizinga inayozunguka) nne. Mkanda wa chuma wa ubavuni milimita 600 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), sitaha milimita 300. Mwendo noti 35 (maili za baharini kwa saa), rafadha (mapanga ya kusukuma maji) nne.

Je, mwili huu unaubeba mzigo huu? Na kama kuna cha kupunguza, nianze na kipi?

Mkuku:

Anza na maji kabla ya chuma. Tani 120,000 ukigawa kwa 1.025 (uzito wa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari) unapata mita za ujazo 117,000 hivi. Hicho ndicho kiasi cha maji ambacho meli lazima iyasukume ili ielee. Sasa zidisha vipimo vyako: 320 × 42 × 10 ni 134,400. Maana yake mwili wako umejaza asilimia 87 ya sanduku lake. Hilo ni umbo la meli ya mafuta, pua butu na matako mapana. Haliwezi kukaribia noti 35 hata ulitie mashine za namna gani.

Ukiichukua manowari Iowa ya Marekani ukafanya hesabu ileile, unaangukia karibu 0.59, yaani asilimia 59. Kwa manowari ya mwendo wa kasi shikilia 0.60. Basi 117,000 gawa kwa 0.60 ni 195,000, na sanduku linalotoa namba hiyo ni mita 340 × 48 × 12. Hapo omo inachongoka vizuri na tezi inapata nafasi ya kupeleka maji safi kwenye rafadha.

Kina cha mita 10 kisahau. Ukikipunguza utalazimika kupanua, na ukipanua sana bila kurefusha unarudi kwenye meli ya mafuta. Isitoshe, meli iliyopigwa huzama zaidi ya kina chake cha kawaida, kwa hiyo mlango wa bandari wa mita 12 kamili haukutoshi. Mfereji wa Panama nao haukuhusu tena: malango yake ya wakati ule yana upana wa mita 33.5. Ndiyo sababu Iowa iliishia mita 33 huku daraja jingine la Marekani, Montana, lililofutwa 1943 kabla halijaanza kujengwa, likiruhusiwa kuvuka kipimo hicho.

Shafti_Nne:

Noti 35 ni anasa. Kuna hesabu ya haraka ya zamani: chukua uzito wa meli, utafute kipeo chake cha theluthi mbili, zidisha kwa mwendo uliopandishwa kipeo cha tatu, kisha gawa kwa namba inayotegemea umbo la mwili. Kwa manowari Yamato ya Japani (tani 72,000, noti 27, nguvu za farasi 150,000) namba hiyo inatoka kama 227. Kwa Iowa (tani 57,000, noti 33, nguvu 212,000) ni kama 250. Weka 240 kwa meli yako:

Noti 35: nguvu za farasi 435,000.
Noti 30: 274,000.
Noti 28: 222,000.

Shafti (mhimili unaozungusha rafadha) moja ya Iowa ilibeba 53,000. Ukigawa 435,000 kwa shafti nne, kila moja inabeba karibu 109,000, na rafadha yake itachemsha maji badala ya kuyasukuma: mapovu yanakula chuma, mtetemo unavuruga vipima-masafa huko juu. Shafti nane? Hakuna nafasi ya kuzipanga tezini bila kuufanya mwili kuwa butu. Kwa noti 28, kila shafti inabeba 55,600, yaani jambo lililokwisha kufanyika. Baki hapo.

Mkuku:

Nakubali kwa sehemu. Mita 340 zinasaidia kwenye mawimbi ambayo meli inajitengenezea yenyewe, kwa hiyo namba ya mgawanyo inaweza kupanda kidogo, tuseme 260. Hata hivyo noti 35 bado zinadai 400,000. Noti 29 ningezikubali, 35 hapana.

Bamba_la_Chuma:

Nije kwenye deraya (kinga ya chuma), maana huko ndiko tani zinakoliwa kimyakimya. Chuma kina uzito wa tani 7.85 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo bamba la milimita 600 ni tani 4.71 kwa kila mita ya mraba. Mkanda wako wa mita 320 wenye kimo cha mita 7, pande mbili, unafika tani 21,100. Sitaha ya milimita 300 juu ya mita za mraba kama 10,000 ni tani 23,500. Jumla karibu 44,600, na bado hujafunika tareti, mitungi inayozibeba, chumba cha usukani wala kuta za mbele na nyuma.

Ona kwamba sitaha nyembamba imeuzidi mkanda mnene. Watu wengi hukosea hapo: huongeza milimita 50 za sitaha wakidhani ni kitu kidogo.

Usifunike omo hadi tezi. Tumia mtindo ambao manowari ya Marekani USS Nevada iliuanzisha: sehemu muhimu zipate kinga kamili, zilizobaki zisipate kitu. Funika mita 180 za katikati, yaani maghala ya baruti, boila, turbini. Mkanda wa milimita 450 wenye kimo cha mita 6.5 ni tani 8,300. Uinamishe, sehemu ya juu ikiwa nje, kombora lije kwa mshazari. Yamato iliinamisha wake wa milimita 410 kwa nyuzi 20. Sitaha ya milimita 230 kwa eneo hilo ni tani 15,000. Mkanda na sitaha vinashuka hadi 23,300.

Halafu unene si kila kitu. Bamba likizidi sana, kuligumisha uso bila kuliacha tumbo dhaifu ni kazi ngumu. Wamarekani walichukua bamba la tareti la daraja la Yamato, milimita 660, wakalipiga 1946 kwenye uwanja wao wa majaribio wa Dahlgren kwa mzinga wa milimita 406. Likapasuka. Ni kweli kwamba jaribio lilikuwa la karibu na la uso kwa uso, hali ambayo vitani ni nadra, lakini mkanda wa 600 usikupe usingizi.

Kuhusu mizinga: uzito hufuata kipenyo kikipandishwa kipeo cha tatu. Kombora la milimita 460 la Yamato lilikuwa kilo 1,460, la 508 litakuwa kama kilo 1,970. Tareti ya mizinga mitatu ya Yamato ilikaribia tani 2,500, yako itafika 3,400. Ukiondoa tareti ya nne huokoi 3,400 peke yake. Mtungi wake wa chuma unaondoka (kama tani 2,000), na mita 30 za mkanda na sitaha zinaondoka (karibu 3,900). Zaidi ya tani 9,000 kwa tareti moja! Mizinga tisa inatosha kupima masafa kwa mkupuo. Ukishuka hadi sita, maji yanayoruka kuzunguka adui yanakuwa machache mno kusomeka.

Tezi_na_Omo:

Asanteni wakuu. Toleo jipya: 340 × 48 × 12, mizinga 9 (tareti mbili mbele, moja nyuma), noti 29, sehemu iliyokingwa mita 150. Tani zilizookolewa nizipeleke kwenye mizinga midogo ya ndege na mnara mrefu zaidi?

Farumi:

Mnara hapana. Kila tani 1,000 unazozipandisha mita 10 zinainua kitovu cha uzito wa meli nzima sentimita 8. Tareti ya pili ya mbele, kwa kuwa inafyatua juu ya mwenzake, imekwisha kula sentimita 11. Akiba hiyo ya kutopinduka unaihitaji siku ya kupigwa.

Tani zipeleke chini ya maji. Upana wa 48 unakupa nafasi ya kinga ya topedo ya mita 6 au 7 kila upande: vyumba vinne, viwili vya kati vijae mafuta, vya pembeni viwe vitupu. Ya Yamato ilikuwa na mita 5 hivi, ila ugonjwa wake ulikuwa maungio ya mkanda wa juu na wa chini. Tarehe 25 Desemba 1943 topedo ya nyambizi USS Skate iliusukuma mkanda ndani na tani kama 3,000 za maji zikaingia. Kwa hiyo mkanda wako usikalie ukingo wa ukuta wa ndani. Uache uwe na ukuta mwingine nyuma yake unaoweza kupinda bila kuchanika.

Usiweke ukuta wa urefu katikati ya vyumba vya mashine. Maji yakijaa upande mmoja, tani 2,000 kwenye umbali wa mita 18 kutoka katikati, na kimo cha metasenta (kipimo cha nguvu ya meli kujirudisha wima) kikiwa mita 3.5, meli inalala karibu nyuzi 5. Itabidi ujaze upande wa pili kusawazisha, yaani unajizamisha mwenyewe kidogo kidogo.

Usukani: mbili zilizoachana, si mbili zilizokaa bega kwa bega. Manowari ya Wajerumani Bismarck ilikwama kwa topedo moja tezini. Yamato iliweka usukani mdogo mbele ya mkubwa, ila ule mdogo ulikuwa dhaifu mno kuiongoza meli peke yake. Kila mmoja uweze kuigeuza meli, na mashine zake zikae vyumba viwili tofauti.

Mizinga ya ndege iliyo karibu na tareti kuu lazima ifunikwe, la sivyo mshindo unamkatakata mpigaji. Mashua zifiche ndani ya tezi kama walivyofanya Wajapani.

Na kwa kuwa umesema daraja, si meli moja: hesabu magudi (vizimba vya kuundia na kutengenezea meli). Kule Kure, Japani, gudi liliongezwa kina ili Yamato ijengwe, na ilibidi iundwe meli maalumu, Kashino, ya kubebea mizinga na tareti kwenda Nagasaki kwa ajili ya Musashi, pacha wa Yamato. Wewe unahitaji gudi la mita 355 hivi. Kama nchi yako ya kubuni ina moja tu, meli ya pili inaanza baada ya ya kwanza kuelea, na ikipigwa ya kwanza hakuna pa kuitengeneza bila kumfukuza mdogo wake.