Saa kumi dukani, kushona ni saa ngapi? Namna ya kuandika muda wa kazi

CherehaniBusia
Habarini ndugu zangu. Nina kibanda cha kushona hapa Busia, upande wa Uganda, pamoja na msaidizi mmoja. Tunafungua saa mbili asubuhi, tunafunga saa kumi na mbili jioni, ila sare za shule na gomesi (magauni ya kiasili ya wanawake wa huku) za watu zinachelewa kila mara. Daftari la muda ninalo, lakini nikilijaza usiku saa hazitimii kumi. Niandike vipi? Simu janja ipo, bando ni la kubahatisha.

Mizani
Usijaze usiku, dada. Usiku utakumbuka gomesi uliyomaliza; mteja aliyekuja kuulizia zipu umeshamsahau, na hao ndio wanaokula siku. Andika palepale kazi inapobadilika. Bando la nini? Safu nne kwenye daftari: kuanza, kumaliza, herufi ya kazi, jina la nguo. Herufi zisizidi sita: K kukata, S kushona, M kumalizia (vifungo, pindo, pasi), W wateja, N kutoka nje kununua uzi au kupeleka mzigo, B kukaa bure kwa sababu umeme umekatika au cherehani imegoma. Ukiongeza herufi, msaidizi ataanza kubahatisha. Kalamu ifunge kwa uzi kwenye meza ya kukatia, la sivyo itapotea na daftari litabaki tupu.

Halafu angalia saa mnayoandika. Simu ikionyesha 2:00 PM ni saa nane mchana. Mmoja akiandika 2 na mwingine 8, hesabu imeharibika kwa saa sita nzima. Tumieni saa ya Kiswahili peke yake. Ina faida nyingine: siku yenu inaanzia 2 na kuishia 12, kwa hiyo ni kutoa tu, bila kuruka adhuhuri.

KaratasiTu
Siku ya wateja wengi hakuna atakayeandika kila badiliko. Mimi ningegawa siku vipande vya nusu saa: mistari 20 kwa siku, siku sita, jumla vipande 120, yaani saa 60. Kila kipande herufi moja, ile ya kazi iliyochukua muda mrefu zaidi. Mkiingiza kwenye Excel, siku zikiwa safu B hadi G, =COUNTIF(B2:G21,"S")/2 inatoa saa za kushona. Saa za herufi zote zikijumlishwa zisipofika 60, kuna kipande kimeachwa wazi.

Mizani
Nusu saa inamficha mteja wa dakika tano, na wakija sita kwa nyakati tofauti W itasoma sifuri. Basi pigeni kijiti pembeni kila kazi inapokatizwa. Lakini nguo yenyewe lazima iwe na muda wake: bandika kikaratasi kwa pini kwenye kitambaa, andika kuanza na kusimama kila inaposhikwa. Ukipata gomesi tano, zipange kuanzia ya haraka na uchukue ile ya katikati, kwa sababu ya haraka kuliko zote ndiyo inayokudanganya uahidi "njoo kesho". Ikiwa gomesi inakula saa saba, na K, S na M za mtu mmoja ni saa tano kwa siku, hiyo ni kazi ya siku mbili hata foleni ikiwa tupu. Andikeni wiki mbili: moja ya kawaida, nyingine kabla ya shule kufunguliwa Februari. Msichanganye hesabu zake.

CherehaniBusia
Asanteni sana. Msaidizi ameanza kunong'ona kwamba anachunguzwa.

KaratasiTu
Andika kwa cherehani, si kwa jina la mtu: cherehani ya kwanza, ya pili. Na jaza ya kwako mbele yake, pamoja na B zako zote. Akiona daftari linatumika kumkata mshahara, kuanzia siku hiyo utasoma S tupu.