Igizo dhima la majadiliano ya biashara: wanafunzi wanagawana tofauti ya bei na kumaliza

Mwalimu wa Biashara, Iringa

Habari za kazi, walimu wenzangu. Ninafundisha stadi za biashara katika chuo cha ufundi, na muhula huu somo la majadiliano ya kibiashara ninalifundisha kwa igizo dhima badala ya mihadhara. Ninawapanga wanafunzi wawili wawili, mmoja muuzaji wa mahindi na mwingine mnunuzi, kisha ninawaacha wapatane. Karibu kila jozi hufanya jambo lile lile: muuzaji anataja shilingi 800 kwa kilo, mnunuzi anataja 600, wanakutana 700, wanapeana mikono na kukaa kabla sijamaliza kulizunguka darasa. Hakuna anayemuuliza mwenzake swali la maana, na nikitaka kujua kwa nini wamekubaliana 700, ninajibiwa kwamba ndiyo katikati. Zoezi liandikwe vipi ili mwanafunzi alazimike kufikiri? Na alama nizitoe kwa kigezo gani, maana wapo wanaodai kwamba aliyepata bei nzuri ndiye apewe alama za juu?

Mkufunzi wa Ujasiriamali, Morogoro

Mwalimu, wanafunzi wako wamefanya kilichowezekana. Wamepewa jambo moja tu la kujadili, yaani bei, na kila upande unajua yale yale anayoyajua mwenzake. Hapo kugawana tofauti ndiyo njia fupi, na wameiona. Andika karatasi mbili za siri. Mazoezi yanayotolewa na mpango wa majadiliano wa Chuo Kikuu cha Harvard, ulioanzishwa mwaka 1983, yamejengwa hivyo: maelezo ya jumla husomwa na wote, kisha kila mhusika hupewa maelekezo yake ambayo haruhusiwi kumwonyesha mwenzake. Bidhaa na mazingira badilisha upendavyo, ila muundo huo usiuguse.

Zoezi langu linahusu kikundi cha wakulima chenye tani 20 za mahindi. Karatasi ya muuzaji inasema kwamba yupo mnunuzi mwingine aliyeahidi 620 kwa kilo, lakini atafika baada ya wiki tatu, na kwamba kikundi lazima kilipe deni la pembejeo la milioni 4 kabla ya Ijumaa. Karatasi ya mnunuzi inasema kwamba mahindi ya kwingineko yatamgharimu 780 hadi yafike kinuni, kwamba kinu kitasimama asipopata mzigo ndani ya siku tano, na kwamba mkononi ana milioni 8 tu, nyingine atazipata baada ya wiki mbili. Mapatano yoyote kati ya 620 na 780 yanawafaa wote wawili, lakini hakuna anayeijua mipaka yote miwili. Muuzaji anayeuliza mapema fedha zitalipwa lini hugundua kwamba mwenzake ana shida ya muda, naye akikubali kupokea nusu sasa na nusu baadaye, deni lake linalipika na ana sababu ya haki ya kudai bei ya juu zaidi. Asiyeuliza hung'ang'ania malipo yote taslimu, mnunuzi hana, na mazungumzo yanavunjika ilhali mapatano yalikuwepo.

Wape dakika 10 za kujiandaa, 25 za kujadiliana, na zisizopungua 30 za mjadala wa darasa zima. Andika ubaoni matokeo ya kila jozi: bei, tarehe za malipo, nani anagharimia usafiri. Wakiona kwamba karatasi zile zile zimezaa 640 kwa wengine na 750 kwa wengine, wataanza kuulizana wenyewe kilichotokea, nawe utabaki kuongoza tu. Kipindi kikiwa kifupi, punguza muda wa igizo kabla ya kugusa muda wa mjadala.

Mnunuzi wa Nafaka, Makambako

Shikamooni walimu. Mimi si mwalimu, ila kazi yangu ni kununua mahindi, na ninaomba kuongeza jambo. Mnunuzi mzoefu haanzi na bei. Huanza na ubora: anadunga gunia kutoa punje za kupima, anapima unyevu, na ukizidi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu katika viwango vya Afrika Mashariki, tayari ameshapata pa kushushia bei. Baada ya hapo ndipo yanakuja makuli, ushuru wa halmashauri, na ujazo wa gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imepigwa marufuku, lakini bado ipo, na wanafunzi waifanyie hesabu: mkulima akifurahia 720 kwa kilo, kisha gunia lenye kilo 120 likahesabiwa kuwa la kilo 100, amepata shilingi 72,000, ambazo ni 600 tu kwa kilo. Ameshuka chini hata ya yule mnunuzi wa wiki tatu zijazo. Wekeni ujazo na unyevu kwenye karatasi za siri. Pia wazoeeni kusikia maneno kama "nina mteja mwingine ananisubiri barabarani", kwa sababu watayasikia kila siku.

Mwalimu wa Biashara, Iringa

Ninawashukuru sana. Nitaliandika upya zoezi kabla ya wiki ijayo, na hesabu ya lumbesa itaingia. Je, hayo ya mteja wa barabarani niyaruhusu, hata kama hayapo kwenye karatasi ya mwanafunzi?

Mhadhiri wa Sheria ya Biashara, Dodoma

Mimi nisingeruhusu, Mwalimu. Mwanafunzi ana haki ya kunyamaza, ya kukataa kujibu, na ya kuchagua aseme nini kwanza. Asibuni jambo lisilo kwenye karatasi yake. Chini ya Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, aliyeingizwa katika mkataba kwa maelezo ya udanganyifu anaweza kuubatilisha, kwa hiyo anayefundishwa kubuni anafundishwa kupata mikataba isiyo salama. Anayesikia habari za mteja wa barabarani naye ajifunze kuuliza: anataka tani ngapi, na analipa lini?

Kuhusu alama, usizipime kwa bei, kwa sababu hiyo ndiyo inayowasukuma wadanganye. Mimi hukusanya karatasi ya maandalizi kabla igizo halijaanza, ambamo mwanafunzi ameandika bei yake ya mwisho, pa kukimbilia mapatano yakishindikana, na maswali matatu atakayomuuliza mwenzake. Baada ya igizo huandika ukurasa mmoja kueleza ni jibu gani lilimfanya abadili msimamo. Nusu ya alama iko kwenye maandalizi, nusu kwenye ukurasa huo, na aliyeondoka mezani bila mapatano hupata alama kamili akionyesha kwamba alichopewa kilikuwa chini ya bei yake ya mwisho.