Tupeane uzoefu: dereva akishamgonga mtu, hufanya nini?

Ndugu zangu, naomba tusimuliane yaliyotufika, hasa sisi tunaovuka barabara za Outering na Jogoo Road hapa Nairobi kila siku. Naanza mimi.

Mjomba wangu aligongwa na pikapu alfajiri karibu na Donholm, akielekea kazini. Dereva alipunguza mwendo, taa za breki zikawaka, kisha akatia gia na kutoweka. Mama mmoja muuza mandazi aliziona herufi za nambari ya gari, lakini tarakimu zilimpita. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu, yaani ya kumfidia anayegongwa, ila ukikosa kulijua gari, hujui pia ni kampuni gani ya kudai. Gharama ya kutia vyuma mguuni tuliilipa kwa mchango wa jamaa na majirani.

Adhabu zipo. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki kinamtaka dereva asimame na kujitambulisha, na asipoweza kufanya hivyo apige ripoti polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Naye anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kinachonisumbua ni mtihani wa leseni. Mwanafunzi husogeza kigari juu ya ubao wa mji wa mfano, hutaja alama za barabarani, kisha huendesha gari akiwa na mtahini. Mtu aliyelala lami mbele yake hayumo katika ubao ule. Naamini asipewe leseni mpaka aonyeshe jinsi ya kumkinga majeruhi dhidi ya magari yanayokuja na kuita msaada kwa 999 au 112, na aulizwe tena anapohuisha leseni, kwa maana wengi wetu huihuisha kwa kulipa ada tu.

Mchangiaji, dereva wa lori:
Pole kwa mjomba. Wengi hukimbia kwa kuogopa umati, na hofu hiyo ina msingi. Mwenzangu alimgonga mpanda baiskeli Industrial Area, na watu walipoanza kuokota mawe aliliacha lori palepale, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi. Askari walipima alama za matairi, lori likakaguliwa, maelezo yakaandikwa, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa katika kumbukumbu, familia ilipata abstrakti ya polisi, yaani hati inayothibitisha ajali iliripotiwa, na kuidai bima. Hayo mwalimu wa udereva angeweza kuyafundisha kwa nusu saa.

Mchangiaji, muuguzi:
Mimi naongezea la hospitali. Kuna madereva wanaomshusha majeruhi getini na kuondoka, wakihofia kudaiwa bili, ilhali Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Naomba dereva abaki walau atujibu: alizimia? Aligongwa upande gani? Alitapika njiani? Majeruhi wa kichwa mara nyingi hawezi kujieleza, na majibu hayo hutuonyesha ni nani wa kukimbizwa kwenye picha ya kichwa kwanza.