Nililipia difu ya 4.3, nikarudishiwa 4.1 yangu ile ile ikilia kama kinu cha posho

Wadau, nina hasira na sitaificha. Hii ni wiki ya tatu gari langu liko juu ya mawe hapa Nakuru, difu (sanduku la gia la nyuma linalopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) imeshushwa, na fundi aliyenifikisha hapa hashiki simu. Gereji sitaitaja. Nitaeleza kazi waliyoifanya, na anayejua difu ataelewa.

Gari ni Mazda MX-5 ya zamani, ile ya taa za kuinuka, injini ya 1.8, gia tano za mkono. Difu yake ya kiwandani ni 4.1, yaani kraunwili, gia kubwa ya ndani, ina meno 41, na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, ina 10. Huko Mombasa labda ingetosha. Sisi tuko kama mita 1,850 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) ikifika huku hewa nyepesi inaipunguzia karibu moja ya tano ya nguvu zake. Toka Salgaa upande kuelekea Mau Summit, trela mbili zikiwa mbele yako, utaelewa ninachosema. Gia ya tatu inapiga kelele, ukitia ya nne gari linakata tamaa. Unachungulia, unajaribu kupita, unarudi nyuma ya trela kumeza moshi.

Dawa yake inajulikana: 4.3, meno 43 kwa 10. Mazda wenyewe waliiweka kwenye Roadster, jina la MX-5 huko Japani, za 1.8 za soko hilo kuanzia 1995. Haiongezi nguvu ya injini hata kidogo, ila katika kila gia tairi linasukumwa karibu asilimia 5 zaidi. Gharama yake ni mizunguko ya injini. Nikienda kilomita 100 kwa saa kwenye gia ya tano nilikuwa kama 3,050 kwa dakika, na hesabu ilisema nitapanda hadi kama 3,200. Nilikubali. Nilijua ninachonunua.

Seti niliiagiza mwenyewe kwa shilingi 58,000. Pea moja, nambari moja imechongwa kwenye kraunwili na kwenye pinioni, na nilizipiga picha zote mbili kabla ya kuzipeleka. Gia hizi husagwa pamoja kiwandani mpaka meno yajuane. Hazitenganishwi! Fundi akataka 25,000 za kazi, nikampa zote. Nikamwambia wazi: beringi mpya, sili mpya, ile bushi inayosinyaa nati ya pinioni ikikazwa iwe mpya kwa sababu haitumiki mara mbili, paka rangi kwenye meno uone yanagusana wapi, na plei, ile nafasi kati ya meno, uipime kwa saa yake ya kupimia, si kwa kutikisa na kidole. Akanijibu, "Bosi, hizi difu nimezifungua tangu enzi za Datsun. Wewe leta oili tu." Nikaleta, GL-5 75W-90.

Siku ya kulichukua nilitoka nalo barabara ya Njoro. Kufika 70 likaanza kulia. Ukikanyaga linalia, ukiachilia linalia kwa sauti nyingine. Nikampigia. "Hiyo ni gia mpya bosi, itazoea." Nimeisubiri izoee kwa kilomita 400.

Kelele ningeivumilia kidogo, lakini gari halikuwa jepesi hata chembe. Halafu kuna hili la kipimo cha mwendo. Kwenye gari hili kinasoma kutoka kwenye gearboksi, kabla ya difu, kwa hiyo reshio, yaani uwiano wa meno ya difu, ikibadilika lazima kidanganye. Zamani kilikubaliana na simu yangu. Kwa 4.3, simu ikisema 100 chenyewe kingesema karibu 105. Bado kilikubaliana na simu, na mshale wa mizunguko ulisimama pale pale pa zamani.

Jumamosi nikalipandisha nyuma kwa jeki, nikaliweka kwenye stendi, gia nikatoa, nikachora mstari wa chaki kwenye propela shafti, ile fimbo inayozunguka kutoka gearboksi hadi difu. Mpwa wangu akashika tairi la kushoto, jirani la kulia, wakayazungusha pamoja polepole, mara kumi kamili. Mimi niko chini nahesabu chaki ikipita. Arubaini na moja. Tukarudia, arubaini na moja. Nikamwambia jirani aingie chini ahesabu yeye, maana nilitaka sana niwe nimekosea. Arubaini na moja. Ingekuwa 4.3 tungepata 43. Kipimo hiki hakihitaji hata spana, na yule fundi hakukifanya.

Nikaishusha difu. Ndani nimekuta kraunwili yangu ya zamani, meno 41, imefungwa na pinioni mpya, nambari ile ile iliyo kwenye picha. Kwa kuwa pinioni zote mbili zina meno 10, walilazimisha tu! Bushi ni ile ya zamani, imesinyaa zamani. Rangi haikuwahi kupakwa. Meno yameanza kulika upande mmoja na oili inameta unga wa chuma.

Nikaenda gereji kuuliza kraunwili ya meno 43 iko wapi. Mara ya kwanza, "Bosi, si uliondoka nayo?" Mara ya pili, kuna kijana aliibeba kwenda Eldoret kwa bahati mbaya. Pinioni ya zamani nayo haionekani, kwa hiyo hata kurudi 4.1 yangu siwezi. Nimebaki na nusu za pea mbili, na hakuna pea hata moja.

Msiniambie ndivyo mafundi wa jua kali walivyo. Kisumu nimemwona fundi chini ya mwembe akipaka meno rangi mara nne, akibadilisha shimi, vile vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi ya gia, moja moja mpaka alama ikakaa katikati, na hana hata ukuta. Huyu wangu ana lifti na picha za Safari Rally ukutani.

Nataka kraunwili yangu. Mtu yeyote Nakuru, Eldoret, Kisumu au Kakamega akiletewa kraunwili ya MX-5 ya meno 43 bila pinioni, amuulize muuzaji pinioni yake iko wapi. Iko hapa kwangu, juu ya meza, na picha ya nambari ninayo.