Baji wangu (kasuku mdogo) ana utitiri usoni, naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa, nafuga baji wawili, dume na jike. Dume ameota ukoko wa kijivu juu ya mdomo hadi kwenye pua, una vitundu vidogo vidogo kama sega la nyuki. Sasa umeanza kushuka miguuni, naye anasugua mdomo kwenye kijiti mchana kutwa. Yuaniuma roho kumtazama.

Usiku nilifunika tundu kwa shuka jeupe. Asubuhi sikuona vidudu vyekundu, kwa hivyo nadhani si wale wanaofyonza damu usiku bali ni wa kuchimba ngozi. Vijiti vya mbao nimetupa, tundu nimelisafisha kwa maji moto.

Kwenye duka la dawa za mifugo nilipewa ivermektini ya ng'ombe, dawa ya kuua vimelea, ati nimtonee shingoni. Nimeogopa, maana baji ana gramu 30 hadi 40 tu, dawa ikizidi kidogo naweza kumuua. Kwa sasa nampaka mafuta ya mgando, nikikwepa pua.

Kuna anayemjua daktari wa ndege hapa Mombasa? Na jike, ambaye hana dalili, atibiwe pia?