Tangi jipya halipumui, gari linazima njiani

Wakuu, gari langu la 1972 nimelitia injini ya injeksheni na tangi jipya la petroli la alumini. Nikiendesha nusu saa pampu inaanza kulia, kisha injini inazima. Nikifungua mfuniko, tangi linavuta hewa, fyuuu! Tundu la hewa nililiziba maana buti lilinuka petroli. Nifanyeje?

— Zibua leo, ndugu! Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Weka kwenye tundu vali inayojifunga gari likipinduka, pandisha mpira wa hewa juu ya usawa wa mdomo wa kujazia, ndipo uushushe nje, mbali na ekzosi.

— Harufu ipitishie kanista ya mkaa, yaani kopo la mkaa linalonasa mvuke wa petroli. Na mpira usilegee katikati, petroli hutuama hapo ikaziba hewa.

— Nimezibua, mpira uko nje. Saa nzima barabarani, pampu kimya! Kanista kesho. Asanteni sana.